Nilimwandika gazetini, akanilelea paka!

MWENZENU nilipatikana. Tena nilipatikana kwa kitu kidogo, chenye masikio makubwa kuliko kichwa na sauti kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta. Paka. Wala si paka, kipaka. Na kama wewe msomaji wangu umeshaanza kucheka ukisema mwanaume mzima anaandika habari za nyau, cheka tu. Wapangaji wenzangu walishacheka wakachoka.

Ilikuwa mwishoni mwa Novemba 2024, vuli imekolea. Nimeshuka daladala saa nne usiku, Mwananyamala yetu imegeuka bahari, viatu mkononi, suruali nimekunja hadi magotini. Kwenye uchochoro wa kuingilia kwetu nikasikia kilio ndani ya mtaro. Moyo ukanipiga paa! Nikajua leo naokota mtoto wa watu, kesho niko polisi natoa maelezo. Kumulika na simu, kumbe ni kipaka cheusi tii, mguu mmoja tu mweupe kama kimevaa soksi, kimekaa juu ya tairi bovu na maji yanapanda. Mama yake simwoni, ndugu zake siwaoni. Nilitaka kupita, wallahi nilitaka kupita. Kikanitazama.

Basi nikakitia ndani ya shati. Jina nikakipa Vuli, kwa sababu kililetwa na mvua.

Kesho yake nikampeleka kwa bwana mifugo mmoja mwenye duka la dawa za kuku. Akamfungua mdomo, akaangalia meno, akasema huyu ana wiki nne, labda tano, hata nusu kilo hajafika. Halafu akanishushia somo ambalo mimi na kidato changu cha nne sikuwahi kulisikia. Kwamba maziwa ya ng'ombe, haya tunayoona ndiyo chakula cha paka, yanawaharisha. Kwamba paka hawezi kuishi kwa ugali na mchuzi, lazima apate nyama au samaki, kwa kuwa humo mna kitu ambacho mwili wake haukitengenezi cha kutosha, na akikikosa kwa muda mrefu macho yanakufa na moyo unachoka. Kwamba kitunguu ni sumu kwake, na Panadol, hata kipande, inaua paka. Umri huu ale mara nne kwa siku, kidogo kidogo.

Mara nne! Mimi mwenyewe, ninayelipwa kwa makala, kuna siku nakula mara moja na nusu. Lakini ndiyo hivyo, nikawa nachemsha dagaa alfajiri, mchana, jioni na usiku, chumba kikanuka kama Feri. Ukiwa na mgeni wa kike hapo, pole yako.

Sasa tatizo likaja Desemba. Mimi ni mtu wa Usangi, kule juu milimani Mwanga, na Krismasi tatu mfululizo sikuonekana nyumbani: 2021, 2022 na 2023. Sababu mnazijua, mfuko. Huwezi kwenda kwa wazee mikono mitupu halafu useme wewe ni mwandishi, watakuuliza unaandika nini, risiti? Ila mwaka ule nilikuwa nimejipanga. Tiketi nilikata mapema, maana Desemba ukizubaa mabasi ya Kaskazini yote yamejaa. Jumamosi ya tarehe 21 naondoka, Alhamisi ya tarehe 2 Januari narudi. Mama ameshatangaza kanisani. Na Vuli siku hiyo ndiyo anatimiza wiki nane au tisa.

Nikampigia mama simu, nikajifanya kuzungusha maneno, kwamba huenda ikawa vigumu, nina mgonjwa ndani. "Mgonjwa nani?" Nikasema si mgonjwa hasa, ni mtoto mdogo. Simu ikawa kimya, nikasikia mama anahema, nadhani alishaanza kutafuta jina la mjukuu. Ilibidi niseme ukweli. Nisingesema! "Wewe," akasema, "huyo nyau ndiye atakayekuzika?"

Nikaanza kutafuta mlezi.

Wa kwanza alikuwa mshikaji wangu, fundi simu, anayelala nyuma ya kibanda chake. Akasema mlete, hapa panya wamezidi. Nikaenda na Vuli kwenye kikapu ili azoee mazingira. Niko naongea, namwona Vuli ananusa kitu chini ya meza. Kuangalia, punje nyekundu zimemwagwa kwenye kisoda. Sumu ya panya! Namuuliza mshikaji, ananiambia ah, iondoe tu hiyo, kuna nyingine nyuma ya friji na nyingine sijui niliiweka wapi. Sijui aliiweka wapi! Nikachukua mtoto wangu, nikala kona. Hata hiyo sumu ingeondolewa yote, panya aliyekwishaila anatembea kilevi, na paka akimla naye anaondoka.

Wa pili ni binamu yangu wa Kimara. Yeye alikubali kwenye simu, lakini nilipofika mlangoni mama mkwe wake akaona rangi. Paka mweusi! Hakuniambia karibu, alisema, "Hiyo soksi nyeupe ndiyo mbaya zaidi." Sikutaka ubishi na mkwe wa watu. Nikanywa soda nimesimama, nikageuza na basi la mwendokasi, Vuli mapajani, abiria wa pembeni amejibana kwenye kioo kana kwamba nimepakata chui.

Watoto wa mjini wakaniambia huko Masaki na Oysterbay wapo wanaopokea paka na mbwa wa watu wanaosafiri, wanalipwa kwa siku. Nikapiga simu sehemu moja. Dada aliyepokea ana sauti nzuri, akaniita "sir". Bei aliyotaja kwa usiku mmoja ilizidi kodi ya chumba changu kwa wiki nzima, nikajifanya sijashtuka, nikasema sawa, hakuna shida. Halafu akauliza cheti cha chanjo. Nikamwambia huyu hajafikisha umri, chanjo ya kichaa cha mbwa bwana mifugo alisema tusubiri miezi mitatu. Akasema basi samahani sir. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, maana kama si cheti sijui ningetoka vipi kwenye ile "hakuna shida".

Kusafiri naye je? Nililiwaza. Nikaenda kumuuliza kondakta, akasema mnyama anakaa kwenye buti. Buti ya basi, Desemba, Mbezi hadi Mwanga, karibu kutwa nzima! Ningeteremsha paka wa kubanika.

Vijana wa bodaboda wa kijiweni ndio walikuwa na jibu jepesi kuliko wote. Mfungie ndani, mwachie ndoo ya maji na sufuria la dagaa, paka ana roho saba. Na msomaji nikuibie siri, nilikaribia kukubali. Nilikaa kitandani nikapiga hesabu, sufuria kubwa kiasi gani, siku kumi na mbili. Chumba changu ni bati bila dari, ukifunga dirisha mchana wa Desemba hata mshumaa unalala wenyewe. Dagaa wa kuchemsha jioni tu ameshachacha. Nikamwangalia Vuli, amelala ndani ya kiatu changu. Yaani huyu ndiye nimwachie sufuria ajigawie mwenyewe kwa wiki mbili?

Hapo ndipo nilipokubali lile ambalo nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza nikawa nalikwepa. Mtu mwenye kufaa kumlea Vuli alikuwa hatua sita kutoka mlangoni kwangu. Na mtu huyo alikuwa hajaniitikia shikamoo yangu kwa miezi minne.

Inabidi nirudi nyuma kidogo, nami naona aibu.

Agosti 2024, katika ukurasa huu huu, niliandika makala kuhusu majirani. Nilikuwa na deni dukani, mhariri anataka kitu cha kuchekesha, nikatazama nje ya mlango nikamwona Bi Mkubwa wa chumba cha kwanza, mjane, mtu wa Mafia, anauza vitumbua barazani. Bi Mkubwa ana sifa moja. Anajua kila kitu. Nani kaingia saa ngapi, na nani, kavaa nini, kabeba nini, kafungua mlango kwa ufunguo au kwa teke. Nikamwandika. Jina sikutaja, nikajiona mjanja, nikampa jina la bandia: Redio Mbao. Nikaandika kwamba redio hii haihitaji betri wala Luku, na kwamba inarusha matangazo saa ishirini na nne ikisikika mpaka Kinondoni. Nikapata sifa! Watu walinipigia simu wakicheka.

Ila uswahilini gazeti halihitaji jina. Mpangaji mmoja alipiga picha ukurasa akaurusha kwenye kundi la WhatsApp la nyumba, na Bi Mkubwa yumo. Jioni yake watoto wa mtaani walipita barazani wakaimba "Redio Mbao! Redio Mbao!" Kesho yake wateja wa vitumbua nao, "Redio, nipe vya mia tano." Yeye hakugombana na mtu. Hakuja kunitukana, hakunishitaki kwa mwenye nyumba. Alinyamaza tu. Mimi nikipita asubuhi, "Shikamoo Bi Mkubwa," yeye anageuza kitumbua. Siku ya kwanza nilidhani hakusikia. Wiki ya pili nilielewa. Wewe uliyelelewa sehemu nyingine huenda usione uzito, lakini kwa mtu wa pwani kukunyima marahaba ni kukufuta kwenye daftari.

Tarehe 18 Desemba, Jumatano, saa mbili usiku, nikaenda. Nilibeba Vuli kama watu wanavyobeba barua ya utambulisho. Bi Mkubwa amekaa kwenye mkeka, anapembua mchele. "Shikamoo Bi Mkubwa." Kimya. Nikaanza kujieleza, sijafika hata nusu akanikata.

"Masaki wamekushinda bei?"

Nikabaki mdomo wazi. Akaendelea, macho kwenye ungo. "Na fundi simu ana sumu. Na Kimara wamemwogopa mweusi. Basi lako linaondoka Jumamosi saa kumi na mbili, siti namba thelathini na moja, dirishani. Hizi kuta ni matofali ya inchi tano, mwandishi. Ukiongea na simu chumbani unaongea na sisi wote."

Sikuwa na la kusema. Yeye akanyoosha mkono, akamchukua Vuli kwa ngozi ya shingo, kama anavyobebwa na mama yake, akampindua akaangalia tumbo. "Ana minyoo huyu. Na ni jike. Ulikuwa unajua ni jike?" Nilikuwa sijui.

Nikasema nitalipa. Nisingesema hilo pia. Akaniambia kuna mwanamke alifunga paka, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie, na Mtume ametuambia mwisho wa mwanamke yule ni motoni. Na kuna swahaba aliitwa Abu Huraira, baba wa kipaka, kwa mapenzi yake kwa mnyama huyu. "Kwa hiyo simchukui kwa ajili yako," akasema. "Wewe na mimi hesabu yetu ni nyingine."

Nikauliza hesabu gani, ingawa nilijua. Ndipo akaweka ungo chini.

Aliniambia hivi, na nimeomba ruhusa ya kuandika. Miaka kadhaa kabla sijahamia, chumba changu, kile kile, alikaa kijana mmoja mgeni wa mji, mpole, anafanya vibarua. Akaugua. Wapangaji kila mmoja na lake, mlango umefungwa, watu wakadhani kasafiri. Alikutwa siku ya pili, ameshakufa. Ndugu walipokuja kuuliza, alionekana mara ya mwisho lini, alikuwa anakula nini, nani alimtembelea, nyumba nzima hakuna aliyeweza kujibu swali hata moja. "Mama yake alikaa hapo ulipokaa wewe," Bi Mkubwa akasema. "Akaniuliza, dada, hata wewe wa mlangoni? Tangu siku ile nikasema, katika nyumba hii kila mlango nitaujua. Wewe ukaona kichekesho."

Jamani. Nimeshatukanwa mjini hapa, nimeshawahi kutolewa vyombo nje. Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama usiku ule. Nikamwomba radhi. Akasema radhi ya chumbani haimsaidii, kwa sababu yeye hakutukanwa chumbani. "Uliniandika mbele za watu, utanitaka radhi mbele za watu. Gazeti lile lile, ukurasa ule ule. Siku litakapotoka ndiyo nitakuitikia salamu. Paka mlete Ijumaa."

Ijumaa nikampeleka na mizigo yake: beseni la mchanga, kikapu, shati langu la zamani lenye harufu yangu, elfu thelathini za samaki, na dagaa nimewafungia kwenye karatasi za kaki, pakiti moja kwa kila mlo, zimeandikwa tarehe. Alizitazama pakiti zile, akacheka kwa mara ya kwanza katika miezi minne. "Mpare bwana! Hata dagaa umewahesabu!" Nikampa na karatasi ya masharti, kurasa mbili. Aliisoma kwa kuisogeza mbali, alipofika kwenye "asipewe maziwa" akaguna. Kwao Mafia, akasema, paka wamekunywa maziwa tangu dunia iumbwe. Nikarudia maneno ya bwana mifugo. Akasema haya.

Safari haina maneno mengi. Stendi ya Magufuli alfajiri ni watu kama siafu, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, milima ikaanza kuonekana kulia, Same, Mwanga, kisha gari dogo la kupandisha mlimani na ukungu ukatupokea. Mama alinikumbatia akanipapasa mbavu, akasema mjini hamli. Nikapewa makande.

Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, kuna jiwe moja juu ya shamba la ndizi ndiyo "ofisi", kila mwenye simu anapanda hapo. Kila jioni saa moja nilipanda jiweni kupokea sauti kutoka Mwananyamala. Bi Mkubwa alikuwa anarekodi, na anaanza hivi: "Taarifa ya habari." Hakuna salamu. "Vuli kaamka saa kumi na moja na robo. Kala saa kumi na mbili, kamaliza. Choo mara moja, kigumu. Mchana kapanda juu ya meza ya vitumbua, nimempiga kofi dogo. Chumba cha tatu wamelala na taa tena, Luku itaisha. Jioni kala nusu. Mwisho wa taarifa." Nilikuwa nasikiliza mara mbili. Mama akaanza kupanda na mimi jiweni, akadai anatafuta kuni.

Tarehe 26 hakukuwa na taarifa.

Nilikaa jiweni mpaka giza, baridi inakata masikio. Nikapiga, haipatikani. Usiku sikulala. Asubuhi ya 27 nikapanda kabla ya chai, sauti ikaingia, na sauti yenyewe haikuwa ya taarifa ya habari.

"Mwandishi, nina jambo baya na nitalisema kama lilivyo. Juzi usiku nilimpa maziwa. Uliniambia nisimpe, kwenye karatasi uliandika, na nilimpa. Alikuwa analia, nikasema mtoto ni mtoto. Jana kutwa ameharisha, leo hasimami. Ni mimi nimefanya. Natoka sasa hivi."

Sikilizeni. Angeweza kusema ni minyoo, au dagaa wako walikuwa wabovu. Niko mbali huko milimani, ningejuaje? Hata Vuli angekufa ningeambiwa katoka akagongwa na pikipiki, ningelia kidogo yakaisha. Huyu niliyempachika jina kwa sababu hafichi habari za watu, kumbe na zake hafichi.

Nilitaka kushuka mlima siku hiyo hiyo. Mama, yule yule wa "ndiye atakayekuzika", akaninyang'anya simu. Mama amefuga ng'ombe na mbuzi maisha yake yote. Simu iliposhika akaongea na Bi Mkubwa kama wanaofahamiana miaka. "Dada, vuta ngozi ya shingoni. Inarudi haraka au inasimama?" Inasimama. "Basi maji yamemwisha mwilini, huyo ni mdogo hachukui siku mbili. Usimkamie mdomoni akapaliwa, mpe tone tone ukienda." Nikabaki nimesimama pembeni ya mama yangu, mtu wa miaka ishirini na sita, nimeshika kanga yake kama mtoto wa chekechea.

Duka la bwana mifugo lilikuwa limefungwa kwa sikukuu. Hapo mtu mwingine angerudi nyumbani. Lakini Bi Mkubwa anajua bwana mifugo anakaa wapi, anajua mkewe ametoka kujifungua, anajua sikukuu wanashinda kwa shemeji yake Makumbusho, nyumba ya geti la bluu. Alichukua bajaji, akagonga geti la bluu. Vuli akachomwa maji chini ya ngozi, akapewa dawa ya minyoo, ikaamriwa samaki wa kuchemsha asiye na chumvi, na maziwa marufuku. Bi Mkubwa hakuuza vitumbua siku mbili. Najua hilo kwa sababu chumba cha tatu waliniandikia kulalamika kwamba asubuhi hawana cha kunywea chai.

Jioni ya 28: "Taarifa ya habari. Kala kijiko kimoja. Hakutapika." Jioni ya 29 alikula pakiti nzima, na aliwapiga kucha wateja wawili. Mimi na mama tulishuka jiweni tumeshikana mikono kwa sababu ya utelezi, na njiani mama akasema, "Huyo mwanamke usimpoteze." Nikamwambia alikuwa ameshanipotea, ni stori ndefu. Nikamsimulia ile makala ya Agosti. Mama hakucheka mahali hata pamoja.

Nilirudi tarehe 2 Januari 2025 saa tatu usiku, na mkungu wa ndizi wa Bi Mkubwa begani. Vuli amelala juu ya kanga yake, ameongezeka, akanitazama kama unavyomtazama kondakta. Nikamwita, akapiga miayo. Nikatoa "Shikamoo Bi Mkubwa." Yeye akasema, "Ndizi weka pale." Kisha akanikabidhi karatasi ya hesabu: samaki kiasi hiki, bajaji kwenda na kurudi. Chenji shilingi mia tano. Fedha ya matibabu alikuwa ameitoa kwake na hakuiandika, niliijua kwa bwana mifugo baadaye. Nilipompelekea aliikataa, akasema maziwa yalikuwa yake.

Sasa mtaniuliza, tangu Januari ile ulikuwa wapi? Deni la mjini mnalijua. Mara ya kwanza nilipeleka makala kwa mhariri akasema habari za paka haziuzi. Mara ya pili akasema ipunguze hayo ya kuomba radhi, weka mapenzi. Na katikati hapo, nikiri, kuna miezi nilizembea tu, kwa sababu kumcheka mtu kunaandikika kwa saa moja na hii imenichukua muda. Kila asubuhi nimepita barazani, shikamoo, kitumbua kinageuzwa. Vuli siku hizi anakula kwangu mchana na kulala kwake usiku, ameshachanjwa, na hana habari kama kuna ugomvi.

Basi Bi Mkubwa wa chumba cha kwanza, mbele ya hawa waliosoma ile ya Agosti 2024: nilikukosea. Jina lile nilikupachika mimi ili nipate pesa ya dukani. Kijana wa chumba changu hakuwa na wa kumjua, mimi ninaye, na nilikuchekesha watu. Naomba radhi. Na nyie watoto wa mtaa wetu pamoja na nyie wateja, jina lile likome.

Makala hii nilimsomea jana usiku kabla ya kuipeleka. Alinifutisha sehemu moja, siisemi. Akaniambia niongeze kwamba anauza mpaka saa tatu asubuhi, vitumbua vyake havijawahi kuwa na mchanga, na wale wanaomuulizia paka, paka hauzwi.

Gazeti hili linafika kwenye kibanda cha kona saa moja kasoro. Saa moja na nusu mimi napita barazani.